Maranda ya mkono, maranda ya mashine au unga wa mbao: uchague kipi kwa picha ya rangi za miti

Sakafuni mwa karakana yoyote ya seremala, iwe Mwanakwerekwe, Unguja, au Chake Chake, Pemba, hufagiwa vitu vitatu na kutiwa polo moja: mikanda mirefu ya randa ya mkono, vipande vifupi vilivyojiviringisha vya mashine ya randa, na unga wa msumeno. Mfugaji wa kuku hulibeba polo zima na hana neno. Anayetaka kutengeneza picha ya jahazi, jogoo au mlango wa Mji Mkongwe kwa kubandika maranda au unga ubaoni, bila tone la rangi ya dukani, hawezi kufanya hivyo. Kila kimoja kati ya vitatu hivyo hushika gundi kivyake, huonesha rangi kivyake na huharibika kivyake.

Wengi huanza kinyume. Huchora kwanza, kisha huzunguka kutafuta cha kujazia mchoro. Ndiyo unaona tanga la jahazi limejazwa vipande vya mashine vilivyosimama kama magamba ya changu, na nakshi ndogo za mlango zimelazimishwa mikanda inayopasuka kila inapokatwa kona. Afadhali ujue karakana iliyo jirani yako inatoa nini, ndipo ushike penseli.

Mwenye haraka achukue hili: picha yenye maeneo makubwa na mistari mirefu, kama tanga, bahari, ukuta au kanzu, inataka mikanda ya randa ya mkono. Picha yenye manyoya, majani, makuti au mawimbi yanayovunjika inataka maranda ya mashine. Picha yenye maandishi, nakshi za maua na kona kali inataka unga. Picha nyingi nzuri huchanganya viwili, lakini anayeanza akishika kimoja atajifunza upesi zaidi.

Vinatofautiana wapi hasa

Mkanda wa randa ya mkono iliyonolewa vizuri una unene wa milimita 0.1 hadi 0.3. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina milimita 0.1 hivi, kwa hiyo fikiria karatasi moja hadi tatu. Upana wake ni upana wa ukingo wa ubao, mwisho sentimita 5 kwa randa ya chuma namba 4, na urefu ni wa ubao wote. Nyuzi za mti hubaki nzima, na hapo ndipo ubora wake ulipo: unapata mistari, mng'ao na mkondo.

Mashine hukata kwa visu vinavyozunguka. Kila kisu kinachoma kidogo na kutoka, kwa hiyo kipande huwa kifupi, milimita chache hadi sentimita mbili tatu, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, tena kimejikunja. Hata ukikinyoosha hakiwi mkanda. Usihangaike nacho kwa pasi. Thamani yake ni kule kujikunja.

Unga hauna nyuzi za kuonekana. Unachobaki nao ni rangi peke yake, na hata hiyo rangi inabadilika kwa namna ambayo huwashangaza wengi, kama inavyoelezwa hapa chini.

Rangi: mti uleule, sura mbili

Mbao ikisagwa huonekana nyeupe zaidi kuliko ilipokuwa ubao, kwa kuwa kila chembe inatawanya mwanga. Ukiipaka vanishi hurudi kuwa nyeusi, mara nyingine kupita ilivyokuwa ubaoni. Mtu anayechagua unga wake ukiwa mkavu anachagua rangi ambazo hatakuwa nazo mwishoni. Mkangazi na mninga, ambavyo kwenye mikanda vinatambulikana kwa mbali, kwenye unga uliopakwa vanishi hukaribiana hata mpaka kati yake hauonekani.

| Mti | Kwenye maranda | Kwenye unga | La kuangalia |
|---|---|---|---|
| Msonobari | meupe ya krimu, mikanda mirefu bila shida | mweupe | hugeuka manjano kwa mwanga na kwa vanishi ya mafuta |
| Mfenesi | manjano yaliyoiva | manjano hafifu | huenda kwenye hudhurungi ukikaa kwenye mwanga |
| Mtiki (msaji) | kahawia ya dhahabu, mistari iliyonyooka | kahawia hafifu | mafuta yake hukataa gundi. Silika yake, chembe ngumu kama mchanga, humaliza makali ya kisu |
| Mvule | manjano ukiwa mpya, kahawia ukizeeka | kahawia ya vumbi | nyuzi zinapishana. Unga wake huwasha |
| Mkangazi | waridi ya kahawia | waridi iliyofifia | nyuzi zinapishana, mikanda huchanika |
| Mninga | nyekundu ya kahawia | kama mkangazi | wekundu hupungua kwa mwanga |
| Mpingo | vipande vifupi vinavyovunjika | zambarau ya kahawia | huwa mweusi baada ya vanishi tu |

Mpingo una tabia yake. Ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama, na kisu cha randa hakiutolei mkanda bali vipande vinavyokatika kama biskuti. Anayetaka weusi kwenye picha ya mikanda atumie kiini cha mjohoro, ambao una kahawia nzito yenye michirizi. Ule ukanda mwembamba mweupe wa nje wa mpingo usiutupe. Ni malighafi nzuri ya macho ya ndege.

Mnazi nao haufai mikanda. Ndani yake mna nyuzi ngumu nyeusi zilizotawanyika kwenye nyama laini ya rangi hafifu, na ukipigwa randa unaachana vipande vipande. Lakini zile nyuzi nyeusi zikiokotwa kwa kikoleo cha nyusi zinakuwa kamba za jahazi zilizo tayari, bila kukata chochote.

Buluu hakuna. Wala kijani cha majani hakuna, na anayeuza picha ya "maranda ya asili" yenye bahari ya buluu ametia rangi. Bahari hufanywa kwa mtiki wenye mistari ya mawimbi, au kwa kijivu. Na kijivu kinapatikana Zanzibar kwa wingi, ila kwa njia moja: ubao mkuukuu uliokaa juani na mvuani miaka, wa chombo kilichovunjwa au wa mlango wa uani. Jua na mvua hugeuza ngozi ya juu tu ya ubao. Pitisha randa mara moja, mkanda unaotoka ni wa fedha iliyofifia. Pitisha mara ya pili mahali palepale, unatoka wa kahawia. Kwa hiyo kila ubao wa aina hiyo una mkanda mmoja wa kijivu kwa upande, na ukikosea kuseti kisu umeupoteza. Kabla ya kuugusa, usugue kwa brashi kavu kutoa mchanga na chumvi, kisha pitisha sumaku ukingoni kutafuta vichwa vya misumari. Msumari mmoja uliojificha unatosha kung'oa makali ya kisu yote.

Jambo la mwisho kuhusu rangi, nalo ni la mikanda peke yake: mkanda mmoja wa mninga ukibandikwa nyuzi zikiwa wima, na mwingine wa ubao huohuo ukabandikwa umelala, huonekana rangi mbili. Mwanga unapiga nyuzi kwa pembe tofauti. Kuta mbili za nyumba inayoonekana kwa kona zinaweza kutoka kwenye ubao mmoja, moja ya mwanga na moja ya kivuli. Unga hauwezi kufanya hivyo.

Mikanda ya randa ya mkono

Ubao uwe na nyuzi zilizonyooka na ukingo wa sentimita 3 hadi 4. Ubane kwenye jiliwa ukingo ukiwa juu. Futa ukingo kwa kitambaa kibichi, usubiri dakika kumi. Nyuzi zikilainika mkanda unatoka mrefu na hauchaniki. Seti kisu mpaka kiguse kidogo tu, kisha sukuma kwa mwendo mmoja bila kusita katikati, maana unaposita mkanda unakatika hapo.

Mkanda ukitoka na mashimo au ukingo wa ubao ukawa na vishimo, unakwenda kinyume cha nyuzi. Geuza ubao. Ikiwa pande zote mbili unachanika, huo ni mvule au mkangazi wenye nyuzi zinazopishana. Upunguze unene wa mkanda, au uuache ubao huo ukatafute mwingine. Si kila ubao wa mvule unafaa, hata kama una rangi ya kupendeza.

Ubao hauliwi kama watu wanavyodhani. Picha ya sentimita 30 kwa 40 ina eneo la sentimita mraba 1,200. Mkanda wa mita moja wenye upana wa sentimita 4 unafunika 400. Ukihesabu vipande vinavyotupwa na mahali pa kupandana, mikanda kumi inatosha kwa picha nzima, na kwa unene wa milimita 0.2 ubao unapungua milimita mbili. Ndiyo maana kumwomba seremala akupigie mikanda michache kutoka kila ubao alionao ni ombi dogo. Kumwomba asimamishe kazi anoe kisu kwa ajili yako si ombi dogo, kwa hiyo nenda na kisu chako.

Sasa tazama mkanda mmoja kwa karibu kabla hujaunyoosha. Umejiviringisha, na pande zake hazifanani. Upande wa nje wa mviringo ndio ulioteleza juu ya kisu. Ni laini na unang'aa. Upande wa ndani umekunjamana, una vijikunyanzi vidogo ukiupapasa kwa ukucha. Gundi huenda upande wa ndani, mng'ao ubaki juu. Sababu si urembo peke yake. Mkanda ukibandikwa hivyo, kingo zake zinataka kushuka kuelekea ubao; ukiugeuza, kingo zinataka kuinuka, na baada ya wiki mbili zitainuka kweli.

Kunyoosha: nyunyiza maji kidogo, weka kati ya karatasi mbili nyeupe, piga pasi ya moto wa pamba kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, kisha laza chini ya kitabu kizito usiku kucha. Pasi iwe safi. Mvule, mtiki na miti mingine yenye tanini (dutu ya asili ya mti yenye ukakasi) ikikutana na chuma chenye kutu na maji hutoa madoa ya buluu nyeusi yasiyotoka. Wapo wanaoyafanya makusudi, kwa siki na misumari, wapate weusi. Hiyo ni rangi ya kutengeneza, na anayenunua aambiwe.

Usibandike mkanda ukiwa umerowa. Mbao hupanuka kwa upana ikinyonya maji na hurudi ikikauka. Mkanda wa sentimita 4 uliobandikwa mbichi unaweza kuacha mwanya wa milimita moja au zaidi kati yake na jirani yake. Mwanya huo ndio kasoro inayoonekana zaidi kwenye picha za wanaoanza, nao hulaumu gundi.

Njia inayofanya kazi vizuri kwa mikanda mipana ni gundi ya pasi: paka gundi nyeupe ya mbao nyembamba kwenye plaiwudi na nyuma ya mkanda, acha vyote vikauke mpaka gundi iwe angavu, weka mkanda mahali pake kisha pitisha pasi ya moto wa wastani juu ya karatasi. Gundi inayeyuka kidogo na kushika hapohapo, na hakuna maji ya kuvimbisha mbao. Kwa vipande vidogo paka gundi ubaoni tu, ngoja ianze kunata, kisha weka. Ukipaka nyingi itapenya hadi juu, na mahali ilipopenya vanishi haitaingia. Patabaki baka lililofifia.

Mtiki na mpingo vifutwe kwa thina kabla ya gundi na vibandikwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mafuta hupanda tena juu.

Kivuli bila rangi kinapatikana kwa mchanga wa moto. Chekecha mchanga laini wa ujenzi, uoshe kama una chumvi, uukaushe na upashe kwenye kikaango. Chovya ukingo wa mkanda sekunde tano, toa, tazama, rudia. Ukingo unaungua polepole kuwa hudhurungi na kufifia kuelekea katikati. Tumbo la jahazi hupatikana hivyo. Sekunde kumi na tano kwa mkanda mwembamba ni nyingi mno, utatoka mkaa. Na polo la maranda makavu lisiwe karibu na jiko la makaa wakati wa kazi hii.

Maranda ya mashine

Haya ni rahisi kupata na magumu kuyapata yakiwa safi. Karakana hupitisha mkangazi asubuhi na msonobari mchana, na vyote vinalala pamoja. Kuchambua polo lililochanganyika ni kupoteza siku. Tandika turubai chini ya mashine kabla ubao wa rangi unayoitaka haujapita, ukusanye ukimaliza. Kama mashine ina feni ya kunyonya, usichukue ya kwenye mfuko, feni huyapondaponda. Chukua yaliyoanguka chini yenyewe. Mwambie fundi apunguze nusu milimita kwa mpito mmoja. Akipunguza milimita mbili vipande vinakuwa vinene na vinavunjika vikikunjwa.

Kuanzia hapo kazi ni ya kupanga. Unachagua kwa ukubwa, makubwa chini na madogo juu, unachovya ncha nene kwenye gundi na kupanga kuanzia mkiani kuelekea kichwani, kila safu ikifunika mizizi ya iliyotangulia, kama fundi anavyoezeka makuti kuanzia ukingo wa chini wa paa. Jogoo akianzwa kichwani hatamaliziki, kwa sababu safu ya chini itabidi iingizwe chini ya ile ya juu ambayo imeshakauka.

Udhaifu wake ni vumbi na kupondwa. Yanasimama, kwa hiyo lazima fremu ya kina cha sentimita tatu hivi na kioo kisichogusa. Vanishi ya brashi huyalaza. Tumia ya kupuliza, mipako miwili myepesi, au usipake kabisa kama kioo kipo.

Kwa darasa la skuli haya ndiyo yanayofaa. Hayana vumbi jingi, hayahitaji pasi wala kisu, na mtoto anaona matokeo kwa saa moja.

Unga

Unga wa msumeno wa mviringo huwa na chembe kubwa, wa msumeno wa mkono mdogo hutoa laini zaidi. Unga wa msasa uuache: una chembe za msasa wenyewe ndani yake na hufifisha rangi. Chekecha mara mbili, kwanza kwa kipande cha chandarua, kisha kwa chujio la chai. Kinachobaki kwenye chandarua ni cha ardhi na mawe, kinachopita vyote ni cha maandishi na nyuso. Picha ya 30 kwa 40 yenye safu ya milimita moja inachukua nusu kikombe cha chai, lakini kwa kuwa unga humwagwa kwa wingi na kukung'utwa, andaa kikombe kimoja na nusu kwa jumla. Gundi ni gramu 30 hadi 40.

Kazi ni ya eneo moja kwa wakati. Paka gundi ndani ya mstari, mwaga unga mpaka gundi isionekane, kandamiza kwa karatasi na kiganja, ngoja nusu saa, inamisha ubao ukikung'uta nyuma. Unga uliodondoka urudishe koponi ikiwa haujachanganyika. Anza na rangi nzito, mpingo na mninga, umalizie na nyeupe. Unga wa mpingo ukiangukia juu ya msonobari huingia kwenye mianya na hautoki tena. Unga mweupe ukibaki kidogo juu ya mpingo hupotea vanishi ikipita.

Wapo wanaochanganya unga na gundi kuwa uji wakapaka kwa kijiko. Ni haraka, lakini uji husinyaa ukikauka na kupasuka kama tope la bwawa, hasa ukizidi milimita mbili. Ukitaka kimo, paka safu mbili tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza.

Kabla ya kuamua rangi, tengeneza kibao cha majaribio: mraba mdogo wa kila unga, nusu upakwe vanishi. Vanishi ya maji hubadilisha rangi kidogo kuliko ya mafuta. Bila kibao hicho unafanya kazi gizani.

Hili la afya si la kupitia juu juu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mvule huwasha ngozi na pua, mpingo hutoa vipele kwa baadhi ya watu, mninga hukera kifua. Kati ya njia hizi tatu, ni unga peke yake unaokuweka ndani ya vumbi muda wote. Chekecha nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa barakoa inayobana. Mwenye pumu achague mikanda.

Masika

Mvua za Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba, hutenganisha picha nzuri na iliyobahatika. Pemba, ambako hunyesha zaidi kuliko Unguja, jambo hili lina uzito zaidi.

Mikanda ndiyo inayoteseka wakati wa kutengeneza, kwa sababu inanyonya na kuvimba. Unga ndio unaoteseka baadaye: usipofungwa kwa vanishi pande zote hushika unyevu na kuota kuvu, huanza kama vitone vya kijivu kwenye rangi nyeupe. Maranda ya mashine yakihifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla hayajakauka, ukifungua utanusa kabla hujaona. Yakaushe juu ya mkeka kivulini penye upepo siku tatu, kisha yatie kwenye bahasha za karatasi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Andika jina la mti na tarehe, kwani mfenesi wa mwaka jana haulingani tena na wa mwaka huu.

Ubao wa nyuma nao una lawama yake. Plaiwudi ya milimita 4 ikibandikwa mikanda upande mmoja tu hupinda kama kigae ndani ya mwezi. Tumia ya milimita 9, au bandika karatasi nene nyuma ili pande zivutane sawa. MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 6 inafaa sana kwa unga kwa kuwa ni tambarare, mradi kingo zake zipakwe mara mbili gundi iliyozimuliwa. Bila hivyo huvimba kingoni na kusukuma fremu.

Usitundike picha kwenye ukuta wa mawe unaotoa unyevu bila kuweka vizibo viwili vya chupa nyuma, pembe za chini, upepo upite.

Kuuza na kusafirisha

Mgeni anayenunua mjini huipima picha kwa begi lake. Hapo unga na mikanda bapa hushinda: vinalala kati ya nguo bila kioo. Jogoo wa maranda ya mashine kwenye fremu ya kina atasifiwa sana na atabaki ukutani mwa duka, labda anunuliwe na hoteli.

Usitie magome. Australia na New Zealand hukagua mbao zinazoingia, na gome au tundu la dumuzi ni sababu ya kunyang'anywa mlangoni. Mikanda iliyopigwa pasi ina nafuu hapa, kwani joto huua mayai ya wadudu. Mpingo umo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, pamoja na jamaa zake wa jenasi ya Dalbergia tangu Januari 2017. Tangu 2019 vitu vilivyokamilika vyenye hadi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja vimeondolewa kwenye sharti la kibali, na picha moja haikaribii hapo hata kwa mbali. Mwuzaji awe na maelezo hayo kwa mnunuzi anayeuliza.

Uanze na kipi

Kama una seremala wa makasha au milango karibu ambaye bado anatumia randa ya mkono, anza na mikanda, na anza na mtiki na msonobari peke yake. Rangi mbili, tano ukihesabu nyuzi kugeuzwa na mchanga wa moto. Ni njia inayofundisha mbao yenyewe, na ndiyo inayozeeka vizuri ukutani.

Kama karakana zote za jirani ni za mashine, usijilazimishe. Nunua ubao mmoja wa msonobari na randa iliyotumika, au kubali maranda ya mashine na uchore ndege. Kikundi cha watu kumi chenye oda ya vibao vidogo vyenye majina kifanye unga, kwa kuwa kazi inagawanyika: mmoja anachekecha, wawili wanapaka, mwingine anakung'uta.

Picha ya kuchanganya ya kujaribia ni jahazi. Bahari mikanda ya mtiki iliyolala, mbao za tumbo mninga uliochovywa mchangani, kamba nyuzi za mnazi. Tanga ni mkanda mpana wa msonobari usionyooshwa kabisa, uliotiwa gundi kwenye ncha zake mbili tu, upande wa ndani, ili katikati libaki limetuna kama lenye upepo. Kioo kiwe mbali nalo sentimita moja na nusu. Ubandike tanga mwisho kabisa, baada ya vanishi ya sehemu nyingine kukauka, na lenyewe usilipake kitu.